Theluji mpya, jua kali, halafu kimya kinachoua

Bila shaka umeziona hizo video. Dhoruba imepiga milimani usiku kucha, asubuhi mawingu yametoweka, anga ni buluu tupu. Mbogi ya wasee watano inapanda mlima mweupe pe, miwani ya jua usoni. Hakuna barabara, hakuna lifti, hakuna foleni. Wakifika juu wanateremka wakirusha theluji kama unga wa ngano. Likes zinamiminika.

Huu ni mchezo wa kuteleza kwa skii nje ya viwanja rasmi, na wapenzi wake wamejaa kwenye milima ya Alps kule Ulaya na Rocky kule Marekani. Kuteleza kushuka ni rahisi kuelewa, lakini unapandaje? Chini ya kila skii unabandika ukanda wenye manyoya yaliyolala kuelekea nyuma. Ukisukuma mbele, skii inateleza. Ikitaka kurudi nyuma, manyoya yanashika theluji. Zamani walitumia ngozi ya sili. Siku hizi ni nailoni au manyoya ya mbuzi wa Angora. Kisigino cha kiatu kinaachwa huru wakati wa kupanda, kisha kinafungwa wakati wa kushuka.

Inakaa poa, sivyo? Shida ni kwamba ile siku inayotamanika zaidi ndiyo noma zaidi.

Theluji hulala mlimani kwa matabaka. Mengine ni imara, mengine ni legevu kama sukari iliyomwagwa mezani. Dhoruba ikija, inapakia mzigo mpya juu ya tabaka hilo dhaifu, na upepo unarundika theluji zaidi upande mmoja wa mlima. Halafu jua linatoka na kuanza kuilegeza. Kwa macho huoni kitu. Ni weupe tu unaometameta. Lakini uzito wa mtu mmoja unatosha kulivunja tabaka la chini, na mteremko mzima unakatika kama bamba la kioo na kuporomoka. Hatari kubwa iko kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ile ile inayonoga kuteleza. Na mara nyingi anayeangusha maporomoko hayo ni mwathiriwa mwenyewe au mwenzake.

Ukifukiwa, theluji inagandamana kama simiti, hata kidole huwezi kusogeza. Wanaofukuliwa ndani ya dakika kumi hivi wengi hupona. Nusu saa ikipita, matumaini ni madogo sana, maana hewa imeisha. Mara nyingi helikopta haiwezi kufika kwa muda huo. Ambulensi yako ni marafiki zako. Ndiyo maana kila mmoja hubeba kifaa kinachotuma mawimbi ya redio, fimbo ndefu ya kuchomea theluji kumtafuta aliyefukiwa, na sepetu.

Lakini vifaa havitibu ugonjwa mkubwa zaidi, ambao ni kunyamaza.

Chukua kisa cha Tunnel Creek, jimbo la Washington, Marekani, Februari 19, 2012. Theluji nyingi ilikuwa imetoka kuanguka. Watu 16 walikwenda kuteleza nje ya mipaka ya kiwanja. Hawakuwa mafala. Kulikuwa na mabingwa, wanahabari wa skii na wenyeji walioujua mlima huo vizuri. Baadaye baadhi yao walikiri kwamba moyoni walikuwa na wasiwasi, hasa kundi lilivyokuwa kubwa. Ila nani angewaambia magwiji kwamba anaogopa? Mteremko ulikatika. Watatu walikufa. Elyse Saugstad, mwanaskii wa kulipwa, alinusurika baada ya kufungua mfuko wa hewa uliokuwa kwenye mkoba wake.

Wewe hujawahi kukanyaga theluji, lakini hicho kimya unakijua. Dere anapita magari mengine kwenye kona, ma-three yanabamba, watu 14 wameshika viti kwa nguvu na hakuna anayefungua mdomo. Kila mtu anamwangalia mwenzake. Ndiyo maana kukawa na zile stika za Zusha! ndani ya matatu, kumkumbusha abiria kwamba ana haki ya kupiga kelele.

Huko milimani walioiva wana Zusha yao. Asubuhi wanasoma taarifa ya hatari, inayopimwa kwa daraja 1 hadi 5. Nchini Uswisi, vifo vingi hutokea siku za daraja la 3, si la 5, kwa sababu likifika la 5 wengi hubaki nyumbani. Mteremko wa kutilia shaka huvukwa mmoja mmoja, wengine wakitazama. Na kuna sheria moja tamu: yeyote akisema "turudi", hata kama ni mgeni wa jana, wote wanageuka. Hakuna kura, hakuna kumcheka.

Hiyo inahitaji roho ngumu kuliko kuteremka kwa kasi. Mlima hauhami. Mkirudi wiki ijayo mtaupata palepale. La muhimu ni mrudi mkiwa bado watano.