Kwa Nini Nakala Rudufu Hukaguliwa Kabla ya Kurejeshwa

Kompyuta kuu ya ofisi inapoharibika, mwananchi aliyefika kufuatilia kiwanja au leseni ya biashara huombwa asubiri hadi taarifa zirejeshwe kutoka katika nakala rudufu. Sehemu ya kwanza ya muda huo hairejeshi chochote. Ni ya ukaguzi. Hulalamikiwa sana, ilhali ndiyo inayolinda taarifa zilizosalimika.

Nakala rudufu aghalabu ni furushi: maelfu ya mafaili yaliyokusanywa na kubanwa kuwa faili moja, mara nyingi kwa programu ya tar, ambayo imetumika tangu 1979. Furushi likifunguliwa kwa pupa mahali pake pa awali, faili la zamani hukalia lile jipya lenye jina hilohilo. Malipo yaliyoingizwa jana hufutwa na daftari la mwezi uliopita, wala hakuna kengele inayolia.

Kwa hiyo mtaalamu wa TEHAMA huanza kwa kuandika amri. Amri ya “gzip -t” husoma furushi zima na kubaini iwapo limekatika au limeharibika. “tar -tzvf” huorodhesha yaliyomo bila kuyafungua: jina la kila faili, ukubwa na tarehe yake. Orodha hiyo husema mengi. Daftari la viwanja lenye baiti 0 lipo kwa jina tu. Hatimaye furushi hufunguliwa pembeni, katika folda tupu, na kumbukumbu chache hulinganishwa na vitabu vya stakabadhi, maana furushi zima laweza kubeba taarifa zenye kasoro.

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kimakosa hifadhidata yake kuu. Nakala za kila siku zilipotafutwa, hazikuwapo: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua pepe za tahadhari zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa ajili ya majaribio, takribani saa 6 kabla. Kazi ya wateja ya saa hizo ilipotea moja kwa moja.

Aliyelipa muda mfupi kabla ya hitilafu ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa malipo yake huenda hayamo katika nakala yoyote. Huyo afike na stakabadhi yake, ili taarifa zake ziingizwe upya.