Mshipi wa Kuvulia: Usinunue kwa Macho

Leo jembe tuliweke pembeni kidogo. Najua wengi wenu, mihogo ikishapaliliwa na korosho zikiwa bado hazijaanza kudondoka, mnashika njia ya pwani na mshipi mkononi. Kitoweo cha nyumbani hutoka huko, na akipatikana samaki mkubwa wa kuuza, madaftari ya watoto yanapatikana pia. Lakini mshipi ni kitu cha kununuliwa kwa fedha taslimu, na ukikatika huondoka na ndoana, risasi na samaki mwenyewe. Mtu akipoteza mishipi miwili katika msimu, hesabu yake ya uvuvi imekwisha haribika.

Mimi mwenyewe nimewahi kuadhibiwa na jambo hili. Nilikwenda dukani, nikauona mshipi mnene, mweupe, umening'inia mlangoni. Nikajiambia, huu ndio mshipi. Siku ya tatu chewa mkubwa akakamata chambo, nikavuta pima mbili tu, pwa! Mshipi ukakatika katikati, mahali pasipo fundo wala jiwe. Mzee niliyekuwa naye katika ngalawa akaushika ule uliobaki, akaupitisha kati ya vidole, akaniambia, "Mwanangu, umenunua mshipi uliokwisha kufa." Kumbe ulikuwa umekaa juani pale mlangoni sijui miezi mingapi. Mshipi wa nailoni hauozi kwa maji ya chumvi kama ile ya pamba waliyotumia wazee wetu, lakini jua huula polepole, na kwa macho huoni kitu mpaka siku ya siku.

Basi shauri la kwanza: usichukue mshipi ulioning'inizwa juani. Mwombe mwenye duka akupe ulio ndani, katika boksi lake. Upitishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Mshipi mzima ni laini na unateleza. Ukiona una unga-unga kama chokaa, au una vikwaruzo, au umekakamaa na kujikunja bila kunyooka, urudishe.

Sasa tuje kwenye maandishi. Juu ya kigurudumu cha mshipi huandikwa mambo mawili: unene kwa milimita, na nguvu kwa kilo au kwa ratili. Ratili mia ni kama kilo 45. Sisi tumezoea kusema dukani, "Nipe namba themanini," au "Nipe namba arobaini," na hapo ndipo watu wanapokosea. Viwanda havihesabu kwa namna moja. Namba 40 kwa kiwanda kimoja ni ratili 40, yaani kilo 18 hivi. Kwa kingine ni unene wa milimita 0.40, na mshipi wa nailoni wa unene huo hubeba kilo kumi na kidogo tu. Umetoa fedha ileile, umepata nguvu kidogo zaidi ya nusu. Kwa hiyo usiulize namba. Uliza milimita na kilo.

Tena ujue hili: unene ukiongezeka mara mbili, nguvu haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Mshipi wa milimita 0.40 ukibeba kilo kumi, wa 0.80 hubeba kama kilo arobaini. Ndiyo maana tofauti ndogo ya unene, ambayo jicho halioni vizuri, ni tofauti kubwa mkononi.

Mtu atauliza, kama changu ana kilo mbili, kwa nini nisinunue mshipi wa kilo tatu nikamaliza? Samaki akiwa majini uzito wake haukulemei kama akiwa mizanini, hiyo ni kweli. Mvuvi mwenye mkono laini, anayejua kulegeza na kuvuta, anaweza kumtoa samaki wa kilo kumi kwa mshipi wa kilo kumi. Lakini sisi hatuvui kwa fimbo yenye kigurudumu. Tunavua kwa mkono. Mshipi mwembamba hukata vidole kama wembe. Tena chini kuna matumbawe. Mshipi ukisugua jiwe, mwembamba hukatika mara moja, na mnene hustahimili kidogo. Kwa hiyo unene tunauchagua kwa ajili ya mkono na mwamba kwanza, kisha ndiyo tunamfikiria samaki.

Kwa changu na samaki wengine wa ukubwa huo, mchana, maji yakiwa maangavu, mshipi wa milimita 0.50 unatosha. Mnene zaidi ya huo samaki anauona, anazungukazunguka chambo na kuondoka. Usiku, au maji yakiwa na vumbi, unaweza kutumia 0.60.

Chewa ni jambo jingine. Huyu hakimbii mbali. Akishameza hugeuka na kurudi pangoni mwake. Akiingia humo na kujibana, umempoteza, na mshipi pia. Inabidi umzuie katika pima mbili tatu za mwanzo, bila kulegeza. Hapo mshipi wa 0.90 au milimita moja nzima ndio unaofaa. Kolekole anataka kama 0.80, ana nguvu na mbio, lakini hana meno ya kukata, basi ukimwachia akimbie kwenye maji mengi atachoka mwenyewe. Nguru na mzia wana meno makali, na hata nailoni ya milimita mbili wataikata. Ukiwavua kwa kukokota mshipi nyuma ya chombo, funga kipande cha waya mbele ya ndoana, urefu wa shubiri mbili au tatu. Jodari hahitaji waya, na wala haupendi akiuona.

Siku hizi imeingia mishipi iliyosokotwa ya nyuzi nyembamba sana, isiyovutika, nayo ina nguvu ya ajabu kwa unene wake. Vijana wanaisifu. Kwa fimbo na kigurudumu ni mizuri. Kwa mkono mtupu juu ya mwamba, mimi siishauri hata kidogo. Inakata nyama mpaka mfupa, na ikigusa tumbawe nyuzi zake hukwaruzika na kukatika haraka. Nailoni ya kawaida huvutika kidogo, na kule kuvutika ndiko kunakopokea mshtuko wa samaki badala ya kidole chako.

Sasa, utajuaje kwamba kilo zilizoandikwa ni za kweli? Njia ipo, na vyombo vyake unavyo nyumbani. Lita moja ya maji ni kilo moja. Chukua kipande cha mshipi, urefu wa pima moja, ukiloweke usiku kucha, maana nailoni ikinywa maji hupungua nguvu, sehemu moja katika kumi au zaidi, nawe huvui katika maji makavu. Funga ncha moja kwenye tawi imara na nyingine kwenye mpini wa ndoo. Ndoo iwe shubiri moja tu kutoka ardhini, isije ikaangukia mtu mguu. Tia maji polepole, lita moja moja. Mshipi ulioandikwa kilo 25 unapaswa kubeba ndoo ya lita 20 iliyojaa. Ukikatika kabla, tazama umekatikia wapi. Ukikatikia katikati, mshipi ni mbovu. Ukikatikia kwenye fundo, ubovu ni wako wewe uliyefunga.

Hapo kwenye fundo ndipo samaki wengi wanapopotelea. Fundo la kawaida, lile la kufungia mzigo, hupunguza nguvu ya nailoni karibu nusu. Mshipi wa kilo 40 umekuwa wa kilo 20. Fanya hivi: pitisha ncha kwenye tundu la ndoana, izungushe kwenye mshipi wenyewe mara tano, kisha irudishe katika kile kitanzi kidogo kilicho karibu kabisa na tundu. Kabla ya kukaza, lilowesha fundo kwa mate. Ukilikaza kavu, nailoni hupata moto kwa kusuguana na kudhoofika papo hapo. Vuta taratibu, mpaka mizunguko ilale vizuri. Kwa mshipi wa 0.80 na kuendelea mizunguko mitatu au minne inatosha, ikizidi haikazi.

Halafu kuna ujanja wa kuokoa mshipi. Kipande kinachoshika ndoana kiwe chembamba kidogo kuliko mshipi mkuu, na kile kinachoshika risasi kiwe chembamba zaidi, maana risasi ndiyo inayonasa kwenye mawe mara nyingi. Ikinasa, unavuta, inakatika yenyewe, na mshipi na ndoana vinarudi. Mtu aliyefunga vyote kwa unene mmoja akinasa hukatika popote, labda miguuni pake kabisa.

Mkitoka kuvua kwenye mwamba, kata kipande cha mwisho kilichokwaruzika, hata kama ni pima mbili. Usikionee huruma. Baada ya miezi kadhaa geuza mshipi wote, ncha ya nyuma iwe ya mbele, maana ile ya nyuma haijaguswa na jiwe. Usuuze kwa maji baridi ya kisima, uuzungushe kwenye kibao au chupa, uuweke ndani, mbali na jua.

Na wakati wa kuvuta, nawasihi, msizungushe mshipi kwenye kiganja wala kwenye kidole cha mguu ili mpumzike. Samaki mkubwa akishtuka hakuna nafasi ya kuufungua. Vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, vilivyokatwa kama pete na kuvalishwa kidoleni, vinalinda mkono vizuri na havigharimu kitu.

Vipande vya mshipi mliovikata msivitupe baharini. Nailoni hukaa miaka na miaka bila kuoza, na kasa na ndege hunaswa humo. Virudisheni nyumbani. Mshipi mrefu uliochakaa, usiofaa tena kwa samaki, ni kamba nzuri ya kupandia: funga alama ya kitambaa kila mita moja, unyooshe kati ya vijiti viwili, na mistari yako ya mihogo itakuwa sawasawa, mita moja kwa mita moja.