Una miaka mingapi, mwanangu?

Nilikwenda Tabora kuandika habari za bei ya tumbaku, lakini kilichonikaa kichwani ni namba 18. Ndiyo niliyokuwa nikikutana nayo kwenye hati za mashtaka za wavulana waliokamatwa kwa wizi wa baiskeli, wa simu, wa kuku. Huyu 18, yule 18, na yule ambaye sauti yake haijaanza hata kukwaruza, naye 18. Inawezekanaje wote wawe rika moja?

Aliyenieleza ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, siku hizi msaidizi wa kisheria wa kujitolea. Hataki jina lake litajwe. Wavulana humwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Kusimama mahakamani kumtetea mtu hakumhusu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 hairuhusu msaidizi kufanya hivyo. Yeye, anasema, anatafuta umri tu.

Kwa maelezo yake, hiyo 18 haizaliwi polisi. Mvulana anatoka Kasulu au Kibondo, au anavuka kutoka Burundi, kuja kutafuta kibarua cha tumbaku Urambo na Kaliua. Tajiri hataki kesi ya kumtumikisha mtoto kazi ya hatari, kwa hiyo anamuuliza umri huku akimtilia jibu mdomoni. Mtoto anaizoea 18. Msimu unakwisha, malipo yanageuka ugomvi, anaondoka na baiskeli ya tajiri. Akifika kituoni anaulizwa umri, anajibu lile alilofundishwa.

Na jibu hilo lina uzito. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, kesi ya aliye chini ya miaka 18 husikilizwa faragha, ofisa ustawi wa jamii akiwapo, na mtoto hahukumiwi kifungo. Kwa aliyeandikwa 18 kinga hizo hazipo.

Cheti cha kuzaliwa kingemaliza ubishi, lakini wenye nacho ni wachache. Utafiti wa taifa wa afya wa 2010 ulikuta watoto 16 tu kati ya 100 wa chini ya miaka mitano wamesajiliwa. Watoto wa umri ule ndio wavulana wa leo.

Hapo ndipo daftari la Mwalimu linapofanya kazi. Hamuulizi mvulana miaka. Anapokea shikamoo yake, anamwita mwanangu, kisha anaanza mbali. Corona ilipofunga shule Machi 2020, alikuwa darasa la ngapi? Msiba wa Rais Magufuli, Machi mwaka uliofuata, walitangaziwa akiwa dawati la mbele au la nyuma, na mwalimu wa darasa alikuwa nani? Usiku wa sensa, Agosti 2022, alilala kwa nani? Mdogo wake anayemfuata alikuwa ameanza kutembea? Upande wa kushoto wa ukurasa anaandika matukio ya nchi, wa kulia ya nyumbani, halafu anaunganisha kwa mistari. Aliyekuwa la saba wakati wa msiba, bila kurudia darasa, aliingia la kwanza 2015. Kama aliingia na miaka saba, amezaliwa 2008 hivi.

Hesabu hiyo peke yake si ushahidi, na Mwalimu analijua hilo kuliko mtu yeyote: ameandikisha la kwanza watoto wa miaka saba na wa miaka kumi siku moja. Daftari linamwonyesha tu pa kutafuta: rejista ya shule, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, mama wa kupigiwa simu. Sheria inaitaka mahakama ichunguze umri pale mshtakiwa anapoonekana ni mtoto, na ushahidi wa daktari hupokelewa. Lakini picha ya eksirei ya kifundo cha mkono inaweza kupotoka hata miaka miwili, na miaka miwili ndiyo kesi yenyewe.

Wakati karatasi zinatafutwa, mtoto analala wapi? Kwa miaka mingi mahabusu za watoto zilikuwa tano: Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya. Kutoka Morogoro hadi Ujiji, Tabora ikiwamo, hata moja. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora iliripoti mwaka 2011 kwamba ilikuta watoto wamechanganywa na watu wazima.

Wanaomsumbua zaidi Mwalimu ni wale wa kutoka kambi za wakimbizi. Karatasi wanazo, lakini nyingi zimeandikwa 1 Januari, tarehe wanayopewa wasiojua siku yao. Anauliza kwa nini kisio la karani liaminiwe na la kwake litiliwe shaka.

Nami nilikuwa na swali. Umri ukipatikana, na mvulana akawa kweli ametimiza 18 miezi mitatu kabla ya kukamatwa? Mwalimu anasema hapo hufunga daftari, maana hana tena la kumfanyia, na kwamba hajapata kuridhika kwamba hiyo ndiyo haki.