Mto Mara Huanzia Msituni: Kwa Nini Misitu ya Kale Itunzwe

Mwamini wa Nyegina anayesimama juu ya vilima vyetu vya mawe na kulitazama Ziwa Viktoria aweza kudhani kwamba habari za misitu mikubwa ya kale hazimhusu. Hata hivyo, sehemu ya maji yaingiayo ziwani si mbali na mji wa Musoma imetoka msituni. Mto Mara huanzia katika msitu wa Mau, nchini Kenya, hupita Maasai Mara na Serengeti, ndipo humwaga maji yake ziwani kwetu baada ya safari ya kilometa 395 hivi. Shoka likiinuliwa Mau, anayeishi Kirumi hupata habari zake kwa rangi ya maji.

Na shoka limeinuliwa kweli. Mwaka 2001 Serikali ya Kenya iliondoa katika hifadhi zaidi ya hekta 60,000 za Mau ili zigawiwe watu. Mwaka 2009 kikosi kazi cha Serikali hiyo kilieleza kwamba, katika miongo miwili iliyotangulia, msitu huo ulikuwa umepoteza zaidi ya hekta 100,000, yaani takriban robo ya eneo lake. Februari 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma ulisimamishwa. Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuliondoa katazo hilo, lengo lililotajwa likiwa kuvuna miti ya kupandwa iliyokomaa. Wapasua mbao walishangilia, kwa kuwa walikuwa wamekaa miaka mitano bila kazi. Watetezi wa mazingira wakahofu kwamba msumeno ulioruhusiwa kuingia shambani hautakosa njia ya kuingia msituni. Pande zote mbili zilikuwa na sababu, na haifai kuwabeza wale wa kwanza.

Wengine huuliza: mti si mti tu? Ukikatwa, si tupande mwingine? Shamba la mikaratusi ni jambo jema kwa nguzo na kuni, lakini si msitu wa kale. Katika msitu wa kale miti ya rika zote huishi pamoja: mikubwa iliyozidi umri wa babu zetu, michanga inayosubiri kivulini, na iliyoanguka ikiozea pale pale na kuilisha ardhi. Majani makavu yaliyorundikana kwa vizazi vingi huinywa mvua kama sifongo, kisha huiachilia polepole, hata mto usikauke kiangazi. Ndege kama hondohondo hutaga ndani ya tundu la mti mkubwa, jike likajifungia humo kwa udongo huku dume likimletea chakula. Mti wa miaka mitano hauna tundu la namna hiyo. Anayekata mti wa miaka mia mbili huchukua asubuhi moja kile ambacho wajukuu wa wajukuu zake hawatakirudisha.

Tusiwanyoshee kidole majirani pekee. Sangara alipoenea ziwani mahitaji ya kuni yaliongezeka, kwa maana samaki huyu ana mafuta mengi na haanikwi juani kama dagaa. Hukaushwa kwa moshi. Juu ya hayo ongeza magunia ya mkaa yaingiayo mjini na magogo ya kuegemeza kuta za mashimo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Mama anayekausha samaki ili alipe ada ya mtoto si adui wa msitu, na fundisho lolote lisilomtazama yeye halitafika mbali. Hayati Baba Mtakatifu Francisko, katika Waraka wake wa mwaka 2015, Laudato si', alikataa kutenganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini.

Huko Butiama, nyumbani kwa Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyebatizwa hapa Nyegina mwaka 1943, upo msitu mdogo uitwao Muhunda. Wazanaki waliuheshimu kama makao ya roho ya wahenga, na kukata miti humo kulikuwa mwiko. Sisi tuliobatizwa hatuabudu roho za miti. Lakini swali linanisumbua: ikiwa hofu ya mwiko iliuhifadhi msitu, je, imani iliyotuondolea hofu hiyo ilituachia ruhusa ya kuufyeka? Kitabu cha Mwanzo chasema mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Sheria ya Musa, katika sura ya 20 ya Kumbukumbu la Torati, iliwakataza hata askari wauzingirao mji kuikata miti yake ya matunda. Mzee wa Kizanaki angelielewa agizo hilo bila kufafanuliwa.

Sheria za nchi nazo zinatupa nafasi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiwezesha kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kuusimamia chenyewe, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Hayo huamuliwa na kufuatiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambako waamini wetu wengi, yasikitisha kusema, hawahudhurii.

Kanisa nalo ni mnunuzi wa mbao. Tunajenga vigango, tunaezeka, tunachonga mabenchi na milango, na tunapenda mninga kwa sababu haushambuliwi upesi na mchwa. Kamati ya ujenzi inapoletewa mbao za bei nafuu kupita kiasi, tena usiku, na imwombe muuzaji kibali cha kuvunia na hati ya kusafirishia. Akikosa, mzigo urudi naye, hata kama Askofu anatarajiwa kuja kutabaruku kanisa mwezi ujao na watu wataketi kwenye mikeka.