Kabla hujauza mtamba ili uchapishe riwaya

MAJUMA matatu yaliyopita, kijana mmoja alibisha hodi ofisini mwangu akiwa amekumbatia boksi lililofungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa ameondoka kwao, nchi ya majani chai, alfajiri na mapema, akapanda matatu mbili. Nilidhani kaniletea ndizi. Alipolifungua, nikaona vitabu. Ilikuwa riwaya yake mwenyewe, jalada jekundu, na jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la kitabu.

"Mwalimu," akaniambia, "nimechapisha riwaya lakini hakuna anayeinunua."

Nilimkaribisha kiti akanisimulia. Mama yake aliuza mtamba. Naye akaongezea akiba yake ya miaka miwili ya kuendesha bodaboda. Jumla ya fedha ikawa shilingi 110,000, akazipeleka kwa mtu mmoja jijini aliyejiita mchapishaji. Baada ya wiki mbili akapewa nakala 500. Duka la kwanza la vitabu alilofika walikipindua kitabu, wakatazama mgongoni, wakamrudishia: hakina nambari ya ISBN wala ile mistari inayosomwa na mashine ya dukani. Mwalimu mkuu wa shule aliyosomea alimwambia hawezi kununua kitabu ambacho hakimo katika orodha ya KICD. Aliuza nakala 37, nyingi kwa jamaa na marafiki wa kanisani. Zilizobaki ziko chini ya kitanda cha mamake.

Wasomaji wangu wa miaka mingi wanajua kwamba napenda kuchambua maneno. Leo hebu tuchambue mawili: mpiga chapa na mchapishaji. Katika mazungumzo ya kila siku twayachukulia kuwa pacha. Si pacha hata kidogo. Mpiga chapa ana mashine, wino na karatasi. Ukimpelekea orodha ya mahari atakupigia chapa, ukimpelekea riwaya atakupigia chapa, wala hatauliza kama mhusika aliyefariki katika sura ya tatu anakunywa chai katika sura ya saba. Mchapishaji ni mtu anayeusoma mswada wako, akaamua kuutilia fedha zake, akamlipa mhariri, msanifu wa kurasa na mchora jalada, akampelekea mpiga chapa kazi iliyokamilika, kisha akahangaika kuiuza. Anayekudai fedha ili akutolee kitabu, awe amejiita nani, anakuuzia huduma ya kupiga chapa. Hilo si kosa, mradi mnaelewana. Kijana wangu hakuelewana na mtu. Alidhani amepata mchapishaji kumbe amepata mashine.

Nilimwomba nakala moja nikaisoma usiku ule. Nikasema kweli: kurasa 40 za kwanza zilinichosha. Jua lilichomoza likatandaza miale yake. Mhusika akapiga moyo konde. Akatoka guu mosi guu pili. Kufumba na kufumbua, akapewa mkono wa tahania. Nani asiyekijua Kiswahili hiki? Ni Kiswahili cha insha. Sisi walimu ndio tuliowafunza watoto kwamba insha bora ni ile iliyojaa tamathali na methali kama kapu la sokoni, tukawapa alama, nao wakaamini kwamba hivyo ndivyo waandishi wanavyoandika. Lawama nazipokea. Lakini mtu mzima anayeandika riwaya hatafuti alama. Kila ukikuta sentensi uliyowahi kuiandika katika insha ya darasa la nane, ifute. Ikiwa baada ya kuifuta hakuna kilichopungua, basi hakukuwa na kitu.

Halafu nikafika ukurasa wa 41. Mama wa mhusika amebeba gunia la majani kutoka shambani hadi kituo cha kununulia chai. Karani anasoma mizani huku kidole cha mguu kikigusa ukingo wa sahani ya mizani, na mama anakiona kidole hicho, anamtazama karani usoni, na hasemi neno kwa sababu kesho atarudi papo hapo na gunia jingine. Kurasa tatu tu. Hakuna methali hata moja. Nilizisoma mara mbili, nikainuka nikazunguka sebuleni.

Kijana huyu amesimama katika foleni ile. Hakuambiwa. Wanaotaka kuandika riwaya hunijia wakiuliza watoe wapi kisa, nami huwaelekeza kwa Adam Shafi. Katika Kuli, iliyotoka mwaka wa 1979, tunaingia bandarini Unguja tukiwa na Rashidi, tunaona kazi ya makuli na madhila yao hadi mgomo wa mwaka wa 1948. Riwaya ile inasimama kwa sababu mwandishi alijua kazi inavyofanywa: nani anabeba nini, nani anamlipa nani, nani anamwogopa nani. Wewe unajua kazi gani? Kama umeendesha bodaboda, unajua jinsi abiria anavyokaa akiwa amefiwa. Andika hilo. Mbona mhusika mkuu wa kijana wangu, baada ya ukurasa wa 44, alihamia kasri ya tajiri wa jijini ambayo mwandishi hajawahi kuingia hata sebule yake?

Kuna pia suala la usemi wa wahusika. Makanga katika riwaya hii anamwambia abiria, "Tafadhali bwana mheshimiwa, naomba unilipe nauli yako." Jamani! Makanga gani huyo? Yule ninayemjua mimi hugonga kiti cha mbele kwa sarafu na kusema, "Mbele hapo, nauli tafadhali," na hiyo "tafadhali" ina meno. Simwambii mtu ajaze Sheng kitabu kizima. Sheng ya mwaka huu itakuwa imechakaa kabla kitabu hakijatoka. Lakini usanifu wa lugha ni wa msimulizi. Wahusika waache waseme walivyo, nyanya kwa lafudhi yake, karani kwa ukali wake. Kisome kila kipande cha mazungumzo kwa sauti. Ulimi ukikwama, msomaji naye atakwama.

Na majina. Mhusika mwema anaitwa Wema, mwovu anaitwa Dhuluma, fisadi anaitwa Bwana Tamaa. Najua asili yake. Majina ya majazi yana nasaba ndefu katika fasihi yetu, na Ken Walibora aliyatumia kwa ustadi katika Kidagaa Kimemwozea, ambamo mtawala dhalimu anaitwa Mtemi Nasaba Bora. Kejeli iko palepale. Lakini pasipo kejeli jina la majazi linamwambia msomaji mwisho wa hadithi kabla hajafungua ukurasa wa pili. Tena Walibora huyohuyo, katika Siku Njema ya mwaka wa 1996, alimpa msimulizi wake jina zito la Kongowea Mswahili, kisha akamsafirisha kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake. Hatukumbuki jina tu. Tunakumbuka safari.

Lakini kwa nini vijana wetu huandika hivyo? Jibu ni kitabu teule. Kila chipukizi anayeniletea mswada ana ndoto kwamba utatahiniwa katika shule za upili. Siwalaumu, kwa maana soko la vitabu vya Kiswahili nchini hubebwa na shule. Ila fanyeni hesabu. Katika mtihani wa KCSE huteuliwa riwaya moja, tamthilia moja na mkusanyiko mmoja wa hadithi fupi, navyo hukaa miaka kadhaa kabla ya kubadilishwa. Nafasi ya riwaya ni moja, nchi nzima. Anayeandika akimlenga mteuzi wa vitabu huanza kuogopa: hathubutu kumwacha mhusika mwovu ashinde, kila sura huifunga kwa nasaha. Mwishowe anapoteza nafasi hiyo na anapoteza riwaya.

Sasa tuseme mswada umekamilika. Uache ukae miezi miwili bila kuugusa, kisha uusome kama uliyeandikiwa na adui. Wape watu wawili wausome, mmoja asiwe jamaa yako. Ndipo utembelee duka la vitabu, utazame ni kampuni zipi hutoa riwaya za Kiswahili, kwa sababu zipo ambazo hutoa vitabu vya kiada tu na mswada wako utalala huko. Wapelekee barua fupi, muhtasari wa ukurasa mmoja na sura tatu, au mswada mzima wakihitaji. Usiwaambie kwamba mwalimu wako aliupenda.

Jambo hili jingine nalisema kwa uchungu. Mnamo miaka ya themanini nilipiga taipu riwaya yangu ya kwanza, nikaipeleka kwa mchapishaji mmoja Nairobi. Nakala ya pekee. Karatasi ya kaboni ilikuwa ghali, nami nilikuwa mwanafunzi. Nilingoja miaka minne. Siku niliyokwenda kuuliza, karani aliniambia wamehamia jengo jingine na baadhi ya faili hazikufika. Nilikaa kwenye ngazi za jengo lile hadi askari wa mlangoni akaniuliza kama ni mgonjwa. Baadaye niliiandika upya kutoka kichwani, ikatoka fupi kwa kurasa 60. Leo kuna kompyuta, kuna baruapepe ya kujitumia mwenyewe, hivyo huna udhuru wa kubaki na nakala moja.

Wengi huniuliza kuhusu kuibiwa. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, na huendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chako. Unaweza kuisajili KECOBO upate cheti, nacho kitakufaa mkifikishana mahakamani. Lakini katika miaka yangu yote nimeona waandishi wachache walioibiwa miswada, na wengi waliotia saini mkataba bila kuusoma.

Kwa hivyo usome. Mrabaha wa asilimia 10 ni wa kawaida, ila uliza: asilimia 10 ya nini? Tuseme kitabu kinauzwa dukani shilingi 600. Kumi kwa mia ya bei hiyo ni shilingi 60. Lakini ikiwa mkataba unasema ya fedha anazopokea mchapishaji, na duka limepewa punguzo la asilimia 35, basi anapokea shilingi 390, nawe unapata 39. Kwa nakala 1,000 tofauti hiyo ni shilingi 21,000, kabla hata ya ile asilimia tano ambayo hukatwa kuwa kodi. Tazama pia kama umeuza haki za tafsiri, redio na filamu bila kujua, na kama haki zitakurudia kitabu kikiacha kupigwa chapa. Omba kurekebisha vipengele. Mchapishaji mwungwana hakasiriki.

Njia nyingine ni mashindano. Mohamed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la 1957/58 kwa mswada wa Mzimu wa Watu wa Kale, ukachapishwa mwaka wa 1960, na Bwana Msa akazaliwa. Siku hizi tuna Tuzo ya Safal-Cornell, zamani Mabati-Cornell, ambayo hupokea hata miswada isiyochapishwa. Tuzo ya Jomo Kenyatta ni ya vitabu vilivyokwisha kutoka.

Na kama umeshikilia kujichapishia, mimi sikukatazi. Mlipe mhariri kwanza kabla ya mpiga chapa. Chukua ISBN yako kwa shirika la maktaba za taifa, KNLS. Piga nakala 100, usipige 500, uone zitakwenda vipi.

Haya yote nilimweleza kijana wangu tulipokutana tena. Alisikiliza huku akitazama boksi. Nilimwambia riwaya yake inaanzia ukurasa wa 41 na inakoma wa 44, na kwamba hizo kurasa nyingine azisahau. Sikuwa na namna tamu ya kulisema hilo. Alinyamaza kitambo.

"Na mama nitamwambiaje?"

Nilimuuliza kama mamake ameisoma sehemu ya mizani. Akasema hajaisoma, yeye husoma Ekegusii tu, na Kiswahili kidogo cha kanisani. Nikamwambia amsomee kwa sauti, amsikilize atakapomkosoa, kwa sababu yeye ndiye aliyekiona kidole kile.

Nilinunua nakala mbili. Tumeagana kwamba atarudi Desemba akiwa na sura tatu mpya. Boksi ameliacha hapa ofisini, ati ni zito kulirudisha kwenye matatu.