Kwa nini mwalimu anaomba visoda? Zana za mikono darasani na nyumbani

Mzazi mmoja alitupigia simu tukiwa hewani, na sauti yake ilionyesha wazi kwamba amekasirika. Mtoto wake wa darasa la kwanza alikuwa amerudi nyumbani na maagizo ya mwalimu: kesho kila mmoja aje na visoda 20 na vijiti 20. "Mimi nimempeleka mtoto akasome," alisema, "siyo akaokote takataka nyuma ya baa."

Tulicheka naye, tukasoma na ujumbe wa wasikilizaji wengine waliomuunga mkono, kisha tukaweka muziki. Kesho yake mwalimu wa darasa la kwanza katika shule nyingine akatuandikia: "Mmenicheka na mimi bila kujua. Njooni mwone visoda vinafanya kazi gani." Tukaenda na kinasa sauti chetu. Makala hii ni yale tuliyoyaona na kujifunza, na kwa kiasi fulani ni kumwomba radhi.

Zana za kufaragua ni nini?

Vitu hivi walimu huviita zana za kufaragua, yaani zana zinazotengenezwa kwa vitu vinavyopatikana pale pale kijijini, badala ya kununuliwa dukani. Visoda, vijiti, mabua, trei za mayai, maboksi, udongo wa mfinyanzi, viroba vilivyokwisha kazi. Mwalimu hufundishwa kuzitengeneza akiwa chuoni, na anatakiwa azitumie kwenye vipindi vyake.

Kwa darasa la kwanza na la pili jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu 2015 mtaala wa madarasa hayo mawili uliwekwa ujikite kwenye KKK: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Sababu yake inaeleweka. Mtoto akifika darasa la tatu hajui kusoma, masomo yote yanayofuata yanampita pembeni. Hatafeli sayansi kwa sababu sayansi ni ngumu, atafeli kwa sababu hawezi kusoma swali.

Kwa hiyo kisoda kile kina kazi kubwa. Hebu tuone inavyofanyika.

Kuhesabu: trei ya mayai na visoda

Mwalimu wetu alituonyesha kwanza trei ya mayai ya kawaida, ile inayobeba mayai 30. Ina safu 6, kila safu ina mashimo 5. Ukiikata kila baada ya safu mbili unapata vipande vitatu, na kila kipande kina mashimo 10. Hicho ndicho kifaa chenyewe. Hakuna zaidi.

Sasa mpe mtoto hesabu ya 8 + 5. Mtoto anayetegemea vidole ataanza moja, mbili, tatu, na akifika 10 vidole vimeisha. Wengine huvua viatu waendelee na vidole vya miguu. Mwenye trei anaweka visoda 8 kwenye mashimo na visoda 5 pembeni. Anaona kwa macho yake kwamba mashimo 2 yako wazi. Anachukua visoda 2 kati ya vile 5, anayajaza. Kumi imetimia, pembeni vimebaki 3. Jibu ni 13.

Akifanya hivyo mara nyingi, itafika siku atapiga hesabu hiyo bila trei, kwa sababu trei imehamia kichwani. Hiyo ndiyo kazi ya zana: mtoto aishike hadi asiihitaji tena.

Vijiti vilivyofungwa kumi kumi

Vijiti vina kazi nyingine. Mwalimu aliandika ubaoni 32 − 7, akatuambia kosa ambalo hukutana nalo kila mwaka. Watoto wengi huandika 35. Wanaona 2 na 7, wanajua kwamba 2 haitoi 7, basi wanageuza: 7 kutoa 2 ni 5. Wanashusha ile 3. Jibu 35. Mtu ana mbuzi 32, ameuza 7, amebaki na 35! Lakini mtoto haoni ajabu yoyote, kwa sababu kwake hizo ni alama za chaki tu, siyo mbuzi.

Hapo ndipo vijiti vinapoingia. Kila vijiti 10 vinafungwa pamoja kwa kamba ya mgomba au raba. Namba 32 ni mafungu 3 na vijiti 2 vya peke yake. Toa 7. Haiwezekani, viko 2 tu. Basi mtoto anafungua fungu moja. Sasa ana mafungu 2 na vijiti 12. Anatoa 7, vinabaki 5. Mafungu 2 na vijiti 5 ni 25.

Kile ambacho walimu wetu zamani walikiita "kukopa" mtoto amekifanya kwa mikono yake: amefungua kamba. Tulimwona msichana mmoja akifanya hesabu hiyo kwenye daftari bila vijiti, lakini vidole vyake vilikuwa vinajongea juu ya dawati kama anayefungua fundo.

Kusoma: kadi za silabi

Lugha yetu ina bahati, inaandikwa jinsi inavyotamkwa. Mtoto akijua silabi, anaweza kuunganisha maneno mengi haraka. Chukua kadi za silabi tano tu: ba, ka, la, ma na ta, kila moja uiandike mara mbili. Utapata baba, mama, kaka, lala, bata, kata, taka, kama na hata kamata. Mtoto anazipanga mezani au kwenye mkeka, anasoma, anazivuruga, anapanga upya.

Kadi zinatoka kwenye boksi la sabuni au biskuti, zikikatwa kwa ukubwa wa karata. Andika kwa maka peni, kwa herufi ndogo. Wazazi wengi huandika kwa herufi kubwa kwa kudhani zinaonekana vizuri, lakini vitabu vya mtoto vimejaa herufi ndogo.

Kwa nini kadi, wakati ukutani kuna chati nzuri? Kwa sababu chati mtoto huikariri kama wimbo. Atakuimbia "ba, be, bi, bo, bu" huku anaangalia dirishani. Mzazi, jaribu hivi leo: muoneshe silabi moja katikati ya mstari, kisha nyingine ya mwanzoni. Akishindwa bila kuanza wimbo tangu mwanzo, basi bado hajasoma, amekariri. Kadi hazina mwanzo wala mwisho, kwa hiyo haziimbiki.

Saa ya boksi

Hii inafaa sana nyumbani. Kata duara kwenye boksi gumu, andika namba 1 hadi 12 kama kwenye saa ya ukutani, kisha funga mishale miwili katikati kwa kifungo cha shati na uzi ili izunguke.

Watoto wetu wana mtihani ambao vitabu vingi havielezi. Mshale mfupi uko kwenye 7, lakini nyumbani tunasema saa moja asubuhi. Mshale uko kwenye 12, tunasema saa sita mchana. Dawa yake ni kuchora duara la pili ndani ya lile la kwanza, na kila namba uandike chini yake ile inayoitazama kutoka upande wa pili: chini ya 7 andika 1, chini ya 8 andika 2, chini ya 12 andika 6. Mtoto anaona saa zote mbili kwa pamoja, na anaelewa kwa nini simu inasema 7:00 wakati bibi anasema saa moja.

Zana za wageni

Siyo kila zana ya mikono inafundisha. Tuliwahi kuingia darasa moja, shule hatuitaji, ambalo kuta zake zilijaa michoro na namba za kupendeza, na juu ya kabati kulikuwa na abakasi ya waya na visoda vilivyopakwa rangi. Tukamuuliza mtoto inafanyaje kazi. Akajibu: "Hiyo haiguswi, ni ya wageni." Ilisubiri siku ambayo wathibiti ubora wa shule watakuja.

Zana ambayo mtoto haigusi ni pambo. Ni afadhali visoda vichafuchafu vilivyochoka kwa kushikwa kuliko abakasi nzuri yenye vumbi.

Kwa nini mwalimu hawezi kukusanya peke yake

Turudi kwa mzazi wetu aliyekasirika. Darasa tulilolitembelea lina watoto zaidi ya 80. Tuhesabu kwa 80 tu. Kila mtoto akihitaji visoda 20, darasa linahitaji visoda 1,600. Mwalimu mmoja ataokota visoda 1,600 lini? Lakini kila nyumba ikileta 20, kazi imekwisha kwa siku moja. Watoto wakitumia kipande kimoja cha trei wawili wawili, vinahitajika vipande 40, yaani trei 14 tu. Haba na haba hujaza kibaba.

Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na shule hupokea ruzuku. Ruzuku hiyo ina mambo mengi ya kugharimia, na mwalimu tuliyemtembelea alituambia maka peni na gundi hununua kwa fedha yake mwenyewe. Visoda, vijiti na maboksi ni mchango ambao hata nyumba isiyo na shilingi inaweza kuutoa.

Gundi, usafi na usalama

Gundi unaweza kuipika nyumbani. Koroga vijiko viwili vya unga wa muhogo au ngano kwenye maji baridi kidogo hadi mabonge yaishe, mimina kwenye kikombe kimoja cha maji yanayochemka, koroga hadi iwe nzito na kung'aa. Tumia ikiwa imepoa, na usipike ya wiki nzima maana huchacha. Kadi zilizobandikwa hivyo zitundike juu kwenye mfuko, panya na mende wasizifikie.

Visoda vioshe kwa maji ya moto na sabuni. Vile vya bati vigonge kwa jiwe ili makali ya pembeni yalale. Makopo yenye kingo kali usimpe mtoto.

Usitumie kabisa vifuniko wala makopo ya dawa za mifugo, dawa za shambani au dawa za kienyeji usizozijua, hata ukiyaosha. Betri za redio na tochi zilizokwisha pia siyo za kuchezea.

Kwenye mbegu kuwa mwangalifu zaidi. Mbegu za nyonyo, mbegu za mbono, na zile nyekundu ndogo zinazong'aa zenye doa jeusi ni sumu mtoto akizitafuna. Zinavutia macho, lakini usizitumie kuhesabia. Tumia komwe kama zile za kuchezea bao, au vijiti. Na kama nyumbani kuna mtoto mdogo anayetambaa, vitu vyote vidogo vihesabiwe kabla na baada ya kutumika, kwa sababu punje ya maharage au hindi huingia puani au kooni haraka sana.

Dakika kumi jioni

Mzazi asiyejua kusoma anaweza kufanya kazi hii vizuri kabisa. Huhitaji kujua kuandika 32 − 7 ili ufunge vijiti kumi kumi. Kama unacheza bao unajua kuhesabu kuliko unavyodhani: bao lina kete 64 kwenye mashimo 32, na mchezaji hodari hupiga hesabu za kete zake kabla hajazigusa. Mwite mtoto akae karibu, umuulize kwenye shimo hili ziko ngapi, nikizisambaza nitaishia wapi.

Dakika kumi kila jioni, wakati ugali unaiva, zinatosha. Mpe visoda, mpe hesabu, halafu subiri. Usimwambie jibu. Mwache asogeze, akosee, asogeze tena.

Mzazi yule tulimpigia simu baada ya ziara yetu, tukamweleza habari ya trei na yale mafungu ya vijiti. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa hivyo vya plastiki vya chupa za maji, navyo vinafaa?" Vinafaa, tena havina makali.

Kama shuleni kwenu au nyumbani kwako kuna zana mnayoitengeneza kwa mikono na watoto wanaitumia kweli, tutumie ujumbe mfupi kupitia namba ya kipindi, utueleze inatengenezwaje. Tutaisoma hewani, na safari hii hatutacheka.