Kinywa Kabla ya Tiba: Lishe na Meno ya Mgonjwa wa Saratani Machakos

Matibabu mengi ya saratani huua seli zinazogawanyika upesi, kwa kuwa hiyo ndiyo tabia kuu ya seli za ugonjwa huo. Lakini utando laini unaofunika mashavu kwa ndani, ulimi na kaakaa nao umejengwa kwa seli za aina hiyo, ambazo hujifanya upya kila baada ya wiki moja au mbili, na kwa sababu hiyo kinywa huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuumizwa na dawa iliyokusudiwa saratani iliyo mbali nacho, iwe katika titi, shingo ya kizazi au damu yenyewe. Nchini Kenya, ambako makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa watu wapatao 42,000 walipatikana na saratani kwa mwaka na takriban 27,000 walifariki kwa sababu yake, jambo hili linagusa familia nyingi, zikiwemo za Kaunti ya Machakos. Hata hivyo, meno na ufizi huelekea kukumbukwa wakati vidonda vimekwisha kutokea na mgonjwa hawezi tena kumeza hata uji, ilhali sehemu kubwa ya madhara hayo ingeweza kupunguzwa kabla ya dozi ya kwanza.

Machakos ina nafasi ya pekee katika elimu ya afya ya kinywa. Mwaka 1988 watafiti Firoze Manji, Vibeke Baelum na Ole Fejerskov walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinywa vya watu 1,131 wenye umri wa miaka 15 hadi 65, wakazi wa mashambani katika iliyokuwa Wilaya ya Machakos. Walikuta ukoga mwingi juu ya meno, yaani ule utando wa bakteria ambao ukiachwa hugandamana na kuwa mgumu, na ufizi uliowaka kwa watu wengi mno. Lakini kinyume na mafundisho ya wakati ule, ugonjwa mkali unaokula mfupa unaoshikilia meno ulijikusanya kwa watu wachache, na waliobaki bila jino hata moja walikuwa nadra sana. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba meno yaliyopotea yalipotea hasa kwa sababu ya kuoza. Matokeo hayo yaliwafanya wataalamu duniani wafikiri upya kuhusu dhana kwamba uzee na kubaki bila meno ni lazima viandamane.

Kuoza kwa jino ni kazi ya sukari na muda. Bakteria waliomo ndani ya ukoga hutumia sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, pale pH, kipimo cha uchachu ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, inapoteremka chini ya 5.5. Baada ya kunywa kitu chenye sukari, pH hushuka katika dakika chache, kisha huchukua nusu saa au zaidi kurejea mahali pake, na kinachoirejesha ni mate. Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Mate hayo huosha mabaki ya chakula, hupunguza makali ya asidi, hurudisha kalisi na fosfati katika enameli iliyoanza kulegea, na yana kinga za kuzuia bakteria na fangasi. Ni dhahiri basi kwamba mtu anayekunywa chai ya sukari kutoka kwenye chupa kidogo kidogo tangu asubuhi hadi jioni huliumiza jino zaidi kuliko yule anayekunywa kiasi kilekile mara moja pamoja na chakula, kwa kuwa wa kwanza hayapi mate nafasi ya kumaliza kazi yake.

Chakula cha asili cha Ukambani, eneo ambamo Machakos imo, kiliisaidia kazi hiyo ya mate. Isyo ya mahindi na maharagwe, muthokoi, ambao ni mahindi yaliyokobolewa ganda na kupikwa pamoja na kunde au mbaazi, uji wa wimbi na mtama, ndengu na majani ya kunde ni vyakula vyenye sukari kidogo, vinavyohitaji kutafunwa na hivyo kuchochea mate. Wimbi lina kalisi nyingi kuliko nafaka nyingine zinazoliwa nchini, na mboga za majani hutoa vitamini C na A zinazohitajika kwa ufizi na kwa utando wa kinywa. Kilichobadilika ni kwamba soda, biskuti, mandazi na juisi za pakiti sasa zimefika hadi kwenye kioski cha mwisho cha kijiji. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo ni takriban gramu 25 au vijiko sita vya chai. Soda moja ya mililita 300 hukivuka kiasi hicho kidogo peke yake.

Maji nayo yana sehemu yake. Floraidi kidogo huimarisha enameli, lakini ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, watoto wanaokua huota meno yenye madoa ya kahawia na enameli dhaifu, hali inayofahamika katika Bonde la Ufa na pia mahali ambapo watu hutegemea visima virefu vya nyanda za Athi. Uhusiano wa kinywa na saratani umeonekana hata kabla ya matibabu kuanza, kwani utafiti uliofanywa Eldoret na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba wagonjwa wa saratani ya umio, yaani mrija wa kupitisha chakula, walikuwa na madoa ya floraidi, mapengo na uchafu wa kinywa zaidi kuliko watu wasio na ugonjwa huo waliolinganishwa nao. Haimaanishi kwamba jino bovu huleta saratani, ila inaonyesha kuwa kinywa hakipaswi kutengwa na mwili wote.

Mgonjwa anapoanza tibakemikali, ambayo watu wengi huiita kemo, vidonda vya kinywa hutokea kwa kawaida kati ya siku ya tano na ya kumi baada ya dozi, na hupona katika wiki mbili au tatu. Wapatao wanne kati ya kila wagonjwa kumi wa kemo ya kawaida hupata vidonda hivyo, na hatari huongezeka kwa dawa kama fluorourasili na methotreksati. Wakati huohuo chembe nyeupe za damu, ambazo ni walinzi wa mwili dhidi ya maradhi, hupungua sana. Kwa hiyo jipu dogo chini ya jino bovu, ambalo kwa mtu mzima wa afya lingeleta maumivu tu, linaweza kupeleka bakteria katika damu na kutishia uhai.

Tibaredio, yaani tiba ya mionzi, ikielekezwa kichwani na shingoni huacha madhara ya kudumu zaidi. Takriban wagonjwa wote wa aina hii hupata vidonda, kwa kawaida kuanzia wiki ya pili au ya tatu ya matibabu yanayochukua wiki sita au saba, siku tano kwa wiki. Tezi za mate zilizo mbele ya masikio na chini ya taya hukauka, pengine kwa miaka, na mate yakitoweka meno yaliyodumu miaka hamsini yanaweza kuoza shingoni mwake katika miezi michache. Mfupa wa taya uliopigwa na mionzi hupungukiwa na damu, kiasi kwamba kung'oa jino baadaye kunaweza kuacha tundu lisilofunga na mfupa ukafa. Ndiyo sababu meno yasiyoweza kuokolewa hung'olewa angalau siku kumi hadi kumi na nne kabla ya mionzi kuanza. Tahadhari kama hiyo inawahusu wagonjwa wa saratani iliyofika mifupani wanaopewa dawa za kuimarisha mifupa kama asidi ya zoledroniki, kwani nazo zinaweza kuua mfupa wa taya baada ya jino kung'olewa.

Wagonjwa wa Machakos wanaweza kupata kemo katika Hospitali ya Level 5 ya Machakos mjini, lakini wengi wanaohitaji mionzi hupelekwa Nairobi, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Safari hiyo, pamoja na gharama ya kulala mbali na nyumbani kwa wiki nyingi, ndiyo hulifanya suala la meno lionekane dogo. Ukweli ni kwamba siku zinazopita kati ya kupewa majibu ya maabara na kupangiwa mionzi ndizo siku bora za kumwona daktari wa meno karibu na nyumbani, ili meno yaliyotoboka yazibwe, ukoga mgumu uondolewe na meno bandia yanayokwaruza yarekebishwe.

Matibabu yakishaanza, usafi wa kinywa hauhitaji vifaa vya bei ghali. Mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi hutumika mara mbili kwa siku au zaidi, na aliyepoteza mate hupaswa kumwomba daktari floraidi yenye nguvu zaidi. Mswaki wa kijiti cha mti, unaopendwa na wazee wengi na ambao husafisha vizuri ukitumiwa kwa ustadi, uwekwe kando kwa muda huo kwa kuwa nyuzi zake huchubua utando uliokwisha kuwa mwembamba. Maji ya kusukutulia hutengenezwa kwa kikombe kimoja cha maji vuguvugu, robo kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda, ile ya kuokea keki, na chumvi nusu ya kiasi hicho. Husukutuliwa mara kadhaa kwa siku kisha hutemwa. Magadi yanayotumika jikoni kulainisha isyo yasichukue nafasi ya bikaboneti hiyo, kwa kuwa ni makali zaidi na mara nyingi hubeba floraidi nyingi. Dawa za kusukutulia zenye pombe nazo hukausha na kuchoma. Kwa wanaopewa fluorourasili kwa sindano ya mara moja, kumumunya vipande vya barafu kwa nusu saa, kuanzia dakika tano kabla ya sindano, hupunguza damu inayofika kinywani na hivyo hupunguza vidonda. Ni njia rahisi ambayo haijulikani vya kutosha. Utando mweupe unaobanduka ulimini huwa mara nyingi ni fangasi na hutibika kwa dawa kama nistatini, lakini homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtu aliye kwenye kemo ni dharura ya kukimbilia hospitali, si jambo la kusubiri kliniki ijayo.

Chakula ndicho kinachozitesa familia zaidi. Wageni wanaokuja kumwona mgonjwa huleta kwa mapenzi mema soda, glukosi ya unga na juisi, vitu ambavyo kinywa kikavu hakiwezi kuvihimili. Kwa upande mwingine wapo wanaoamini kwamba sukari na nyama hulisha saratani, wakamnyima mgonjwa chakula hadi akakonda, na kosa hili la pili ni la hatari zaidi. Mgonjwa anahitaji protini zaidi ya gramu moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na ikiwezekana gramu moja na nusu, ili ajenge upya tishu zilizoharibika. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 60 hadi 90. Kikombe kikubwa cha maziwa hutoa karibu gramu 10, yai moja gramu 6, na kikombe cha ndengu zilizoiva takriban gramu 14, hivyo lengo hilo linaweza kufikiwa kwa vyakula vya soko la Machakos ikiwa mgonjwa atakula kidogo kidogo mara nyingi.

Isyo na muthokoi havihitaji kukatazwa, bali vinahitaji kupikwa hadi vilainike kabisa na kupondwa, na ndengu au mbaazi zichujwe maganda yanayokwaruza. Uji wa wimbi uliopozwa, ukatiwa maziwa na karanga zilizosagwa laini, hubeba nguvu na protini kwa pamoja, ila ndimu na ukwaju ambavyo wengi huvipenda humo huchoma vidonda, kama zifanyavyo nyanya, machungwa na pilipili. Parachichi, boga, viazi vitamu, ndizi, papai, mayai yaliyoiva barabara na samaki aliyetolewa miiba hushuka kwa urahisi. Mahindi ya kuchoma na chai ya moto sana viahirishwe. Anayelalamika kwamba kila kitu kina ladha ya chuma husaidika akitumia kijiko cha mti au cha plastiki. Ikiwa kitu kitamu ndicho pekee kinachopita kooni, apewe, kisha asukutue kwa maji mara moja, kwani jino linaweza kuzibwa baadaye lakini mwili uliodhoofika huenda ukashindwa kumaliza dozi.

Kila familia iliyopokea habari za saratani na iulize swali moja kabla ya tarehe ya matibabu kuwekwa: daktari wa meno atamwona mgonjwa lini? Na hata miaka ikipita baada ya mionzi ya kichwa au shingo, mgonjwa asikubali kung'olewa jino popote bila kumweleza kwanza daktari kwamba taya lake liliwahi kupigwa mionzi.